Usiku wa Makofi katika Mji wa Vienna

Katika mazungumzo haya twataka kuwasimulia habari za tamasha moja la muziki lililofanyika Vienna, mji mkuu wa Austria, jioni ya tarehe 31 Machi 1913. Tamasha hilo halikumalizika. Lilianza kama yalivyoanza matamasha mengine ya mji ule, watu wamevaa nguo zao nzuri na kuketi kwa adabu. Likaisha kwa ngumi, na polisi, na taa kuzimwa, na baadaye kesi mbele ya hakimu. Tena waliopigana hawakuwa walevi wala wahuni wa mitaani. Walikuwa watu waliosoma, wenye heshima zao, nao waligombana kwa sababu ya sauti za fidla na tarumbeta.

Huenda msomaji akauliza kama sauti tupu zaweza kumfanya mtu mzima ampige mwenziwe. Zaweza, nasi tutaeleza jinsi ilivyokuwa. Lakini kwanza yafaa tuufahamu mji wenyewe.

Vienna wakati ule ulikuwa mji wa watu wapata milioni mbili, na makao ya Kaisari Franz Joseph. Muziki katika mji huo haukuwa kitu cha kupitishia wakati tu. Mozart alifia hapo mwaka 1791, Beethoven mwaka 1827, Schubert mwaka 1828 na Brahms mwaka 1897, na wenyeji waliwataja mabwana hao kama watu wanavyowataja wazee wa ukoo wao. Mahali pa fahari kupita pote pa kusikilizia muziki palikuwa ukumbi mkubwa wa Musikverein, uliofunguliwa mwaka 1870. Ukumbi huo ungaliko hata leo. Ndani yake kila upande unang'aa rangi ya dhahabu, na watu wapata 2000 huweza kuingia, wengine wakiketi na wengine wakisimama nyuma. Aingiaye humo hupunguza sauti yake bila kuambiwa. Twalitaja jambo hili kwa sababu ghasia tutakazosimulia zilifanyika humo humo, chini ya dhahabu ile.

Sasa tuseme neno juu ya muziki. Muziki wa Ulaya, kwa muda wa miaka zaidi ya 200, ulishika kanuni moja kubwa: kila wimbo ulikuwa na sauti moja iliyo kama nyumba yake. Wimbo hutoka nyumbani, hutembea, pengine hupotea kidogo hata msikilizaji akashikwa na wasiwasi, lakini mwisho hurudi nyumbani, na msikilizaji hupumua. Si lazima mtu ajue kusoma alama za muziki ndipo aitambue sauti hiyo. Mwimbishaji akiukatiza wimbo kabla haujafika mwisho wake, kila aliyepo huona kwamba kuna kitu hakijatimia, na waitikiaji hubaki vinywa wazi. Basi watungaji wa karne ya 19 walizidi kuirefusha safari hiyo. Walikwenda mbali na nyumbani, wakakawia kurudi. Hata mwanzoni mwa karne ya 20 akatokea mtu aliyeona kwamba si lazima kurudi kabisa.

Mtu huyo ni Arnold Schoenberg, aliyezaliwa Vienna mwaka 1874. Baba yake alikuwa na duka la viatu, naye alipokufa, kijana aliingia kazi ya ukarani katika benki. Muziki alijifundisha mwenyewe kwa sehemu kubwa. Aliyemsaidia zaidi ni rafiki yake Alexander Zemlinsky, ambaye baadaye akawa shemeji yake, kwa maana Schoenberg alimwoa dada yake mwaka 1901. Mwaka 1904 Schoenberg mwenyewe alipata wanafunzi wawili ambao majina yao yaliambatana na lake mpaka leo: Anton Webern na Alban Berg. Vijana hao walimheshimu mwalimu wao kupita kiasi, hata pengine kumwogopa, na neno lake moja kali liliweza kuwanyang'anya raha ya mwaka mzima. Jambo hili litarudi mbele katika habari zetu.

Ghasia za mwaka 1913 hazikuwa za kwanza. Mwezi wa Februari 1907 ilipigwa mara ya kwanza kazi ya Schoenberg iitwayo Simfonia ya Chumba. Simfonia ni utungo mrefu ambao kwa desturi hupigwa na kundi kubwa. Hii yake aliiandikia wapigaji 15 tu, nayo imebanwa sana, hata sauti zapandana kama watu wengi wanaosema kwa pamoja katika chumba kidogo. Baadhi ya waliohudhuria walianza kuzomea, na wengine wakavuta viti kwa kelele. Katika ukumbi alikuwamo Gustav Mahler, msimamizi wa Opera ya Kaisari, mtu mkubwa kupita wote katika muziki wa Vienna. Mkewe, Alma, ameandika kwamba Mahler alisimama, akawaamuru watu wanyamaze; na tamasha lilipokwisha akabaki pale mbele akipiga makofi mpaka mzomeaji wa mwisho alipotoka. Kisha, walipofika kwao, alimwambia mkewe kwamba muziki wa Schoenberg haufahamu. Lakini yule ni kijana, na yeye mwenyewe amekwisha kuwa mzee, na huenda kijana ndiye mwenye haki.

Neno hilo la Mahler twalipenda sana. Ni rahisi mtu kukitetea anachokipenda. Mahler alisimama kukitetea kitu ambacho masikio yake hayakukipokea, kwa sababu aliona kwamba mwenye kukitunga alikuwa mtu wa kweli katika kazi yake. Lakini mwaka ule ule Mahler aliacha kazi ya Opera, akaenda kufanya kazi Marekani. Alirudi Vienna hali mgonjwa, akafa tarehe 18 Mei 1911. Tokea hapo hapakuwa na mtu wa cheo chake wa kusimama mbele ya wazomeaji.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Tarehe 23 Februari 1913, yaani siku 36 tu kabla ya usiku tunaousimulia, kazi nyingine ya Schoenberg ilisikilizwa katika ukumbi ule ule wa Musikverein. Iliitwa Gurre-Lieder, nayo ilihitaji mamia ya waimbaji na wapigaji. Alianza kuiandika mwaka 1900, kabla hajauacha mtindo wa zamani, kwa hiyo ilikuwa tamu kwa masikio ya watu wa Vienna. Walishangilia, wengine wakalia machozi, wakamwita mtungaji ajitokeze. Schoenberg akatoka, akawainamia wapigaji na waimbaji, na hao waliokuwa wakimshangilia akawapa mgongo. Hakusahau jinsi walivyomtenda miaka iliyopita. Sisi twaona kwamba hapo alikosa. Mtu akikunyoshea mkono, hata kama amechelewa, si vizuri kumwacha na mkono wake hewani. Walakini kila mtu huijua jeraha yake mwenyewe.

Basi twafika tarehe 31 Machi. Tamasha lilitayarishwa na chama cha wanafunzi wa vyuo vikuu wapendao fasihi na muziki, na mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana jina lake Erhard Buschbeck. Schoenberg alikuwa akikaa Berlin siku hizo, akaja kuwaongoza wapigaji yeye mwenyewe. Katika karatasi ya taratibu ziliandikwa kazi tano: vipande sita vya Webern, nyimbo nne za Zemlinsky, ile Simfonia ya Chumba ya Schoenberg, nyimbo mbili za Berg, na mwisho nyimbo za marehemu Mahler za maombolezo ya watoto waliokufa. Mpango huo ulikuwa na maana. Waliotunga kazi nne za kwanza walikuwa hai, nao walitaka kuonyesha kwamba wametoka katika nyumba ya Mahler, wala hawakuanguka kutoka mbinguni.

Webern alikuwa na umri wa miaka 29. Vipande vyake sita aliviandika mwaka 1909, na asili yake ni kifo cha mama yake, aliyefariki mwaka 1906. Vipande hivyo ni vifupi sana; cha tatu hudumu kama dakika moja tu. Katika muziki wa desturi dakika moja haitoshi hata kumaliza kusema neno la kwanza, kwa hiyo wasikilizaji waliona kwamba wanachezewa. Hakuna wimbo wa kushika moyoni ukaondoka nao. Kuna sauti ya filimbi, halafu kimya, halafu tarumbeta iliyozibwa mdomo, halafu kimya tena. Kipande cha nne ndicho kirefu kupita vyote, nacho ni mwendo wa jeneza. Huanza kwa ngoma kubwa, upatu na kengele za sauti nzito, zote zikipigwa polepole mno, hata mtu hajui kama anasikia au anadhani tu kwamba anasikia. Kisha huinuka kidogo kidogo, mpaka mwisho ngoma na upatu hufunika kila kitu. Aliyewahi kusimama mbali na kusikia msiba ukikaribia njiani atafahamu mara moja.

Watu wa Vienna wakacheka.

Kicheko kilianza hapa na pale, na marafiki wa Webern wakajibu kwa kupiga makofi kwa nguvu, si kwa furaha bali kwa hasira, ili kukizima. Waliocheka wakazidi kucheka, wakapiga mbinja. Hivyo tangu mwanzo yalikuwapo makundi mawili katika ukumbi, na kila moja lilikuwa likilisikiliza jenziwe badala ya kuusikiliza muziki. Nyimbo za Zemlinsky zilileta utulivu kidogo, kwa maana zilikuwa karibu zaidi na mtindo waliouzoea. Ilipoanza Simfonia ya Chumba kelele zikarudi, na watu wakatoa funguo zao za nyumba wakazipulizia kama filimbi. Desturi hii ya funguo ilikuwa silaha ya Vienna. Mwaka 1908 pia ilitumika kuharibu kazi nyingine ya Schoenberg.

Kisha zikaja nyimbo mbili za Berg, kijana wa miaka 28. Hizi zilikuwa nyimbo zake za kwanza kuandikwa kwa kundi kubwa la wapigaji. Maneno yake yalitungwa na Peter Altenberg, mwandishi aliyejulikana sana mjini, nayo ni machache kama ya kadi ya posta. Msomaji ajue kwamba muziki wa Ulaya una sauti 12 tu zilizo tofauti, ndizo zipatikanazo katika vibao vyeupe na vyeusi vya piano kabla hazijaanza kujirudia. Katika moja ya nyimbo hizo Berg alizipiga zote 12 kwa pamoja. Zikisikika hivyo hakuna iliyo mwenyeji wala mgeni, na msikilizaji hawezi kujua nyumbani ni wapi. Maneno ya wimbo ule hutaja kuvuka mipaka ya ulimwengu, kwa hiyo Berg hakufanya mzaha. Alitafuta sauti ya mahali pasipo na mipaka.

Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kuwaka. Watu walipiga kelele kwamba mtungaji na mwandishi wa maneno wote wawili wafungiwe katika hospitali ya wenye wazimu. Neno hilo lilikuwa baya kuliko walivyodhani baadhi yao, kwa maana wakati huo Altenberg alikuwa kweli akitibiwa katika hospitali ya namna hiyo. Schoenberg akawasimamisha wapigaji, akageuka, akasema kwamba watakaoendelea kufanya fujo watatolewa kwa nguvu za serikali. Maneno hayo yaliongeza kuni motoni. Matusi yakapita juu ya viti, watu wakaanza kushikana; ofisa wa polisi aliyekuwapo akaamuru utulivu, asisikilizwe. Buschbeck akampiga mtu mmoja kofi. Mmoja wa wasimamizi akapanda mbele akawasihi watu, kwa heshima ya marehemu Mahler, wanyamaze angalau nyimbo zake ziimbwe. Hawakunyamaza. Wapigaji wakatoka na ala zao, taa zikazimwa, na watu wakaenda zao.

Nyimbo za Mahler, basi, hazikuimbwa. Huyu ndiye aliyesimama mwaka 1907 kuwanyamazisha wazomeaji, na nyimbo zenyewe ni maombolezo ya mzazi juu ya watoto wake. Mahler alizimaliza mwaka 1904. Mwaka 1907 binti yake mkubwa alikufa akiwa na umri wa miaka minne. Kila mpenda muziki mjini aliijua habari hiyo. Bila shaka walikuwamo ukumbini waliokuja kwa ajili ya nyimbo hizo tu, wakawavumilia vijana kwa kuzingojea, wakarudi kwao mikono mitupu. Twawahurumia hao kuliko wote.

Kesi ya lile kofi ilifika barazani. Mtungaji wa michezo ya kuimba, Oscar Straus, alikuwa shahidi, na yasemekana alieleza kwamba mlio wa kofi ndio uliokuwa sauti tamu kupita zote zilizosikika usiku ule. Watu walicheka, na mzaha huo umeishi mpaka leo. Ni mzaha mzuri, twakubali. Lakini hautuambii kwa nini jambo lilitokea.

Sisi twaona sababu moja ambayo waandishi wa magazeti ya siku zile hawakuitilia maanani, kwa vile ilikuwa hali ya maisha yao yote. Mwaka 1913 redio haikuwapo. Matangazo ya Vienna yalianza mwaka 1924. Santuri zilikuwapo, lakini hakuna aliyethubutu kutia muziki kama huo katika santuri. Kwa hiyo mtu alipewa nafasi moja tu. Utungo ukipita masikioni mwake jioni ile umekwenda, na huenda asiusikie tena maisha yake yote. Kitu kigeni hakifahamiki kwa mara moja. Mtoto hasomi barua kwa kuonyeshwa alfabeti mara moja, wala mgeni hafahamu lugha kwa kupita sokoni siku moja. Wasikilizaji wa Vienna waliombwa kutoa hukumu baada ya dakika moja ya muziki wasioujua, nao walitoa. Tena waliopiga makofi hawakuwa na haki kuliko waliozomea. Nao pia walifunika muziki kwa kelele, na Webern mwenyewe, yasemekana, alikuwa akipiga kelele kutoka katika roshani akitaka wachekaji wafukuzwe.

Tarehe 29 Mei mwaka ule ule ghasia kama hizo zilitokea Paris, ulipochezwa mchezo wa ngoma wenye muziki wa Igor Stravinsky, Mrusi. Hapo kiongozi wa wapigaji, Pierre Monteux, hakusimama wala hakugeuka. Aliendelea mpaka neno la mwisho. Mwezi wa Aprili 1914 muziki ule ule ulipigwa tena Paris bila wachezaji, na watu wakambeba Stravinsky mabegani. Mwaka haujatimia. Labda Schoenberg naye angeendelea tu, bila kuwatisha watu kwa polisi, nyimbo za Mahler zingeimbwa. Lakini hilo ni neno letu sisi tuliokaa mbali.

Schoenberg alijifunza jambo lake mwenyewe katika usiku ule. Mwezi wa Novemba 1918, vita vikuu vilipokwisha, aliunda Vienna chama cha kupiga muziki faraghani. Kanuni zake zilikuwa ngumu. Waliruhusiwa kuingia wanachama tu. Waandishi wa magazeti hawakukaribishwa. Hakuna aliyeambiwa mbele ni kazi gani itapigwa, ili mtu asichague kwa jina. Kuzomea kulikatazwa, na kupiga makofi pia kulikatazwa. Na kanuni iliyo bora katika hizo zote ni hii: kazi ngumu zilirudiwa, mara ya pili na ya tatu, mpaka wasikilizaji wazizoee. Wapigaji walifanya mazoezi mengi mno. Kwa kuwa fedha hazikutosha kulipa kundi kubwa, kazi nyingi zilipigwa kwa piano, au kwa watu wachache. Katika miaka miwili ya kwanza Schoenberg alikataa kazi zake mwenyewe zisipigwe, mtu asije akasema kwamba ameunda chama kwa faida yake. Watu wengine wamekicheka chama hicho, wakisema kwamba muziki uliofungiwa mlango ni muziki unaowaogopa watu. Neno hilo lina ukweli kidogo. Lakini mgonjwa hufungiwa mlango apate kulala, asikae humo milele. Fedha ya Austria ilipopoteza thamani yake, chama kikashindwa kulipa gharama, na matamasha yake mjini Vienna yakakoma mwaka 1921.

Mwaka 1933 Schoenberg alifukuzwa kazi Berlin na serikali ya Hitler kwa sababu alikuwa Myahudi. Akahamia Marekani, akafia Los Angeles mwaka 1951. Webern aliuawa tarehe 15 Septemba 1945 katika mji mdogo wa Mittersill, alipotoka nje ya nyumba usiku avute sigara, akapigwa risasi na askari wa Kimarekani. Vita vilikuwa vimekwisha. Vipande vyake sita sasa hupigwa katika nchi nyingi, na mwendo wa jeneza husikilizwa kwa kimya.

Berg ndiye aliyeumia zaidi kwa usiku ule. Miezi michache baadaye alikwenda Berlin kumwona mwalimu wake, naye Schoenberg, badala ya kumpoza, alizilaumu kazi zake mpya kwa maneno makali. Kijana akaziweka nyimbo zake kando, wala hakujaribu tena kuzitoa mbele ya watu. Mwaka 1925 opera yake Wozzeck ilichezwa Berlin, ikampa sifa katika Ulaya nzima; hata hapo nyimbo zile zilibaki zimefungwa. Alikufa tarehe 24 Desemba 1935, mwenye umri wa miaka 50, kwa sumu iliyoingia katika damu. Nyimbo zote tano pamoja zilikuja kuimbwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Roma, na wakati huo mjane wake alikuwa angali hai. Zile mbili zilizoimbwa Vienna katikati ya mbinja na matusi, ukiziimba moja baada ya nyingine bila haraka, hazifiki dakika tano.